Mvinyo wa Moto Umeharibika? Dalili, Chanzo na Dawa Yake kwa Mpishi wa Tabora

Juni ikiingia, Tabora mchana bado ni jua, lakini ikifika saa mbili usiku watu wameshajifunika vitenge na masweta. Joto la usiku linashuka hadi nyuzi 15 hivi, upepo ni mkavu, na kwa mtu aliyezoea Oktoba ya Unyamwezi hiyo ni baridi hasa. Ndipo watu wanapokumbuka mvinyo wa moto wenye viungo, na ndipo malalamiko yanapoanza: umekuwa mchungu, hauna nguvu, umegeuka rangi, mgeni ameumwa kichwa. Huko Ulaya kinywaji hiki ni cha Desemba. Wajerumani wanakiita Glühwein, Waswidi glögg, na hukinywa nje kwenye masoko ya Krismasi wakiwa na makoti mazito na glavu. Desemba yetu ni mvua na maembe. Ukikinywa wakati huo utatoka jasho tu, na hilo si kosa la mpishi.

Msimamo wangu ni mmoja, na ukiushika, nusu ya yanayofuata hutayahitaji: chemsha viungo, usichemshe mvinyo. Majiko mengi ya hapa yanaupika mvinyo kwa mkono uleule wa chai ya rangi. Kila kitu kwenye sufuria, mfuniko juu, moto mkali, ngoja itokote. Chai inavumilia. Mvinyo hauvumilii.

Ulipaswa kuwa hivi

Ili ujue umepotelea wapi, linganisha na kipimo hiki cha chupa moja ya mililita 750. Bandika kikombe kimoja cha maji, karafuu tano, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole, iliki nne zilizopasuliwa na vipande vitatu vyembamba vya tangawizi. Viache vichemke dakika kumi, mpaka maji yabadilike rangi na nyumba inukie. Punguza moto, mimina mvinyo mwekundu, tia maganda ya chungwa moja yaliyomenywa kwa wembamba, kisha kamulia maji yake. Pasha taratibu. Mvuke ukianza kupanda, na vipovu vidogo vikajipanga ukingoni mwa sufuria huku katikati pametulia, epua. Asali, vijiko vitatu vya mezani, inaingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa chini. Funika dakika kumi, chuja, mimina.

Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 70. Pombe ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 78. Mvinyo wa kawaida una pombe asilimia 12 hivi, na kwa mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari huanza kutokota chini kidogo ya nyuzi 90. Kwa mwinuko huu hata maji hayafiki 100. Yanachemka kwenye 96 hivi. Maana yake ni kwamba mtokoto wa mvinyo unakuja mapema kuliko unavyoutegemea, na ukienda kufunga mlango wa kuku ukarudi, umeshauchelewa.

"Ni mchungu"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kila mwaka, na lina vyanzo vinne ambavyo watu huvichanganya. Wengi hukimbilia sukari. Acha sukari kwanza. Chota kijiko kimoja, kipoze, kizungushe mdomoni, kisha angalia uchungu unakaa wapi.

Ulimi ukifa ganzi, ni karafuu. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, ndiyo hiyohiyo inayotuliza jino linalouma, na ulimi hauwezi kutofautisha kama uko kwa daktari wa meno au kwenye sherehe. Mtu akirudi kutoka Unguja na kifurushi chake cha karafuu hutia kiganja kizima kwa mapenzi. Tano zinatosha, saba ukizipenda sana. Dawa yake ni kuzitoa zote sasa hivi kwa kijiko chenye matundu, kisha kuongeza robo chupa au nusu chupa ya mvinyo ambao haujaguswa na kiungo chochote. Sukari haiondoi ganzi. Itakupa ganzi tamu.

Ufizi ukikauka na mashavu yakavutana kama uliyetafuna bibo bichi, hiyo ni tanini. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kila mvinyo mwekundu unayo. Ukiuchemsha, maji na pombe vinaondoka kwa mvuke, tanini inabaki palepale, na kinywaji kinazidi kukaza. Inawezekana pia hukuchemsha kitu, ila chupa uliyonunua ilikuwa ya mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, tangu mwanzo. Hapa unaweza kuokoa: ongeza robo kikombe cha maji ya moto, asali kijiko kimoja, na chumvi kidogo sana, ile ya kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Watu huiogopa hiyo chumvi, lakini inapunguza uchungu kuliko vijiko vitatu vya sukari. Usitie limau, uchachu ukikutana na tanini, kinywa kinakaza zaidi.

Uchungu ukija nyuma, kooni, baada ya kumeza, mshitaki chungwa. Si ganda lote lenye hatia. Mafuta yenye harufu nzuri yako kwenye ngozi ya nje kabisa, na uchungu uko kwenye utando mweupe ulio chini yake. Machungwa yanayotufikia kutoka Muheza ni ya kijani hata yakiwa yameiva na yamejaa maji, kwa sababu ganda linahitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi. Kwa kuwa ganda ni la kijani, mpishi huona halivutii kikombeni, basi anakata chungwa zima vipande vya duara, mbegu na utando vikiwemo, na kuvitokosa. Menya ngozi ya kijani tu kwa kisu kikali, nyembamba kiasi kwamba ukiinyanyua juani unaona mwanga. Mbegu zitoe. Baada ya dakika kumi ndani ya mvinyo, maganda yatoke. Ukichelewa, uchungu huo hautoki tena, na ninachoweza kukushauri ni kuuchanganya na chupa ya pili ambayo haijatiwa chungwa.

Chanzo cha nne unakinusa kabla ya kukionja: asali au sukari imeungua chini. Asali ni nzito, inazama, na sufuria nyembamba juu ya mkaa uliokolea inaiunguza wakati juu mvinyo bado vuguvugu. Usikoroge, usikwangue. Mimina taratibu kwenye sufuria nyingine, acha kilichoshika chini kibaki huko, halafu onja. Mara nyingi kimeokoka.

"Umenywewa vikombe vitatu na hakuna aliyesikia kitu"

Mvuke umeondoka na pombe. Ukiinama juu ya sufuria macho yakawasha, ujue kinachokuwasha ndicho kilichopaswa kubaki kikombeni. Angalia pia maji: kikombe kimoja kwa chupa kinatosha kabisa, na wapo wanaotia lita nzima ili kinywaji kiwatoshe wageni wote wa kipaimara.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao nauona ni mzito zaidi. Mwenye nyumba akishajua kwamba kuchemsha kunaondoa pombe, huanza kuwaambia watu, "Kunyweni tu, tumeuchemsha, pombe imeisha." Haijaisha. Kwa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichotiwa pombe na kuchemka polepole kwa nusu saa bado kina asilimia 35 hivi ya pombe ile, na baada ya saa nzima bado kuna robo. Kwa hiyo mama mjamzito, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria wake getini, mtu aliye kwenye dozi ya metronidazoli na yule asiyekunywa kwa sababu ya dini yake, wote hao hawafai kupewa kwa maneno ya "imeisha". Kwao kuna rozela, nitaifikia.

Wengine hurudisha nguvu kwa kuongeza Konyagi. Sina ugomvi nao, ila iingie sufuria ikiwa imeshaepuliwa na iko mbali na jiko. Mvuke wa pombe kali hushika moto, na ukimimina juu ya jiko la gesi linalowaka, moto unaweza kupanda mpaka kwenye nyusi.

"Una ladha ya chuma"

Geuza sufuria uitazame ndani. Kama ilikuwa nyeusi-nyeusi kwa kupikia na sasa mahali mvinyo ulipofika pamekuwa peupe, panang'aa, jibu umelipata. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na mvinyo una asidi. Asidi inakwangua alumini na kwenda nayo kikombeni. Kupasha kwa dakika tano hakumdhuru mtu, lakini ladha inaharibika, na ukiulaza mvinyo humo usiku kucha utakuta asubuhi vitundu vidogo chini ya sufuria. Tumia sufuria ya stenlesi, au lile birika la enameli ambalo bibi hulificha kabatini, mradi enameli yake haijabanduka.

Chuma kitupu ni kibaya zaidi. Tanini ikikutana na chuma hutoa weusi, na hiyo ndiyo njia ya zamani ya kutengeneza wino. Chungu cha udongo hakina shida hiyo, lakini kinakumbuka. Kama wiki iliyopita kilipika dagaa wa Kigoma, mvinyo wako utakuwa na habari za ziwa.

"Umekuwa rangi ya wino"

Mwaka jana jirani alinigongea dirishani saa tatu usiku, kikombe mkononi.

"Dada, mbona umekuwa wa bluu? Mvinyo gani wa bluu?"

"Umetia nini?"

"Sijatia kitu. Ulikuwa mchachu, nikatia magadi kidogo tu, ya kulainishia maharage."

Hapo hakuna cha kuokoa. Wekundu wa mvinyo unatoka kwenye rangi ya maganda ya zabibu, na rangi hiyo inategemea asidi: pakiwa na asidi inang'aa nyekundu, asidi ikiuawa inakwenda zambarau, bluu, hata kijani chafu. Magadi, soda ya kuokea na jivu vyote vinafanya kazi hiyo. Ukikamulia ndimu rangi itarudi kiasi, lakini ladha ya sabuni imeshaingia. Mwaga. Uchachu unatulizwa kwa utamu, hauuliwi kwa magadi.

"Ni mchachu"

Uliza kwanza chupa ilifunguliwa lini. Mvinyo uliofunguliwa na kuachwa kabatini kwa joto la hapa unaanza kugeuka siki ndani ya siku chache, kwa sababu bakteria wanaotengeneza siki wanahitaji hewa na joto, na vyote viwili tunavyo. Unusie: kama inakuchoma puani kwa harufu ya siki au ya rangi ya kucha, usiupashe. Moto utaisambaza ile harufu nyumba nzima. Utafaa kwenye kachumbari.

Kama umefunguliwa leo na bado ni mchachu, pengine ndivyo ulivyo. Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, inatoa mvinyo mkavu na mtamu, na lebo huwa inasema. Kwa kinywaji hiki mimi nachukua mvinyo mwekundu wa bei ya chini au ya kati, usio mkavu sana. Kununua chupa ghali kutoka Afrika Kusini ukaizike kwenye karafuu ni kuitupa fedha. Kwa upande mwingine, ukichukua Dompo, ambayo tayari ni tamu, anza na kijiko kimoja cha asali na uonje. Vijiko vitatu vitakuletea sharubati.

Na chupa iliyosimama miezi kwenye dirisha la duka, jua likiipiga kila alasiri? Ladha yake huwa imeelekea kwenye jamu na zabibu kavu. Kwa kunywa baridi ni hasara. Kwa kupasha na viungo inapita, na muuzaji mwelewa atakupunguzia bei ukimwonyesha kizibo kilivyojisukuma juu.

Matatizo ya asali

Hapa Tabora tuna bahati ambayo Wajerumani wa masoko ya Krismasi hawana. Asali ya miombo, kutoka Sikonge, Urambo, Kaliua na kwingineko, ni nyeusi-nyeusi na nzito, na inasimama imara mbele ya mvinyo mwekundu pale ambapo sukari nyeupe inaleta utamu mtupu. Lakini asali nayo ina tabia zake, na malalamiko yafuatayo yote ni yake, si ya mvinyo.

Kinywaji kinanuka moshi. Asali ya mizinga ya magome huvunwa kwa moto, mara nyingi usiku, na mrinaji aliyezidisha moshi huuacha ndani ya sega. Moshi kidogo unapendeza pamoja na mdalasini. Mwingi unakufanya uhisi unakunywa kando ya tanuri la mkaa. Onja asali peke yake kabla hujaitia. Ukiisikia moshi, tumia nusu yake na nusu nyingine iwe sukari guru au sukari ya kawaida.

Povu jeupe juu ya sufuria. Hizo ni chembe za nta na protini za asali isiyochujwa vizuri. Engua kwa kijiko. Hazina madhara, ila mgeni akiona povu atadhani kinywaji kimechacha.

Kimechacha kweli, na mvinyo ulikuwa mzuri. Fungua dumu la asali. Kama lilitoa hewa kwa mlio na ndani kunanuka togwa, asali hiyo ilivunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta, maji yamebaki mengi, na imeanza kuchacha yenyewe. Asali nzuri ina maji chini ya asilimia 20. Iache hiyo.

Uchachu mwepesi wa matunda ambao huelewi umetoka wapi: umetumia asali ya nyuki wadogo. Hao wasiouma hutoa asali nyepesi, yenye maji mengi na uchachu wa asili. Watu wanaitafuta kwa ajili ya kifua na wanaiuza kwa bei ya juu. Kuitia kwenye mvinyo ni israfu, na mzee wako akijua utasikia maneno.

Asali iliyoganda chembechembe haina kosa lolote. Kuganda si dalili ya kuchanganywa na sukari. Ni glukosi yake imejikusanya. Itayeyuka ndani ya mvinyo wa moto bila kukuuliza.

Na sababu ya kuitia mwisho: harufu ya maua ya miombo haipendi moto. Ukiichemsha kwa dakika kumi unabaki na utamu, harufu imekwenda kwa majirani.

"Kuna mchanga kikombeni"

Ulitia unga. Mdalasini wa unga hauyeyuki. Unafyonza maji, unavimba, na unakuwa kama ute chini ya kikombe. Masala ya chai ya pakiti ni hivyohivyo, na juu yake ina pilipili manga, ndiyo maana koo linawasha. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kile cha kuchujia tui, mara mbili. Siku nyingine tumia viungo vizima. Tangawizi mbichi iikate vipande, usiitwange; tangawizi ya Kigoma hasa ni kali, na ukiitwanga inafunika kila kitu.

Mabonge meupe ni kesi nyingine. Mtu ametia maziwa. Asidi ya mvinyo inayakata papo hapo, na hakuna namna ya kuyarudisha.

"Kichwa kinaniuma, na sijamaliza hata kikombe"

Hili lisome kwa utulivu hata kama mengine umeyaruka.

Kabla hujaulaumu mvinyo, tazama jiko lilipo. Usiku wa baridi watu hubeba jiko la mkaa kuliingiza sebuleni, wanafunga madirisha kwa sababu ya upepo, wanabandika sufuria ya mvinyo juu yake, wanakaa kulizunguka. Mkaa unaowaka kwenye hewa finyu hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu kama moshi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, kuchanganyikiwa. Hizo zinafanana kabisa na dalili za mtu aliyelewa, na kwa kuwa kila mtu ameshika kikombe, hakuna anayeshtuka. Mtu anaambiwa, "Umelewa, kalale," naye anakwenda kulala chumba cha pili cha nyumba ileile.

Namna ya kutofautisha: kama wawili watatu wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, kama mtoto au mtu ambaye hakunywa naye analalamika, kama mtu anapata nafuu akitoka nje, hiyo ni hewa. Fungua milango yote, toeni watu nje, jiko litolewe. Aliyezimia au anayeongea ovyo apelekwe hospitali usiku huohuo, na mweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Moto ambao umefifia na kufunikwa na jivu usikudanganye, bado unatoa gesi hiyo.

Pikia nje au barazani, na uingize sufuria peke yake. Kama unataka kinywaji kikae na joto ndani, tumia chupa ya chai.

Baada ya kuliondoa hilo, sababu za kawaida zinabaki: mvinyo wa moto na mtamu hunyweka haraka, watu hawanywi maji pembeni, na wamekuja na njaa. Weka jagi la maji mezani, na karanga au mihogo ya kukaanga. Kikombe cha mililita 150 kinatosha. Chupa moja pamoja na maji yake hutoa kama sita. Ukimiminia kwenye bilauri za soda za nusu lita, wageni wako wataumwa kichwa bila msaada wa mkaa.

"Umenipasha, halafu nikatetemeka zaidi"

Ni kweli, hukuota. Pombe hupanua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, uso unapata joto. Lakini joto hilo linatokea ndani ya mwili na linapotea hewani. Aliyekaa sebuleni hatajua. Anayerudi Isevya kwa pikipiki saa tano usiku bila koti atajua vizuri. Sweta livaliwe kabla ya kikombe cha kwanza.

"Unapoa kabla haujaisha"

Bilauri nyembamba na vikombe vya plastiki. Tumia vikombe vya udongo vya chai, na uvisuuze kwa maji ya moto kabla ya kumimina. Ukitumia bilauri ya kioo, iwe na kijiko ndani wakati wa kumimina, la sivyo inaweza kupasuka. Kwenye chupa ya chai mvinyo uliochujwa unakaa saa tatu hadi nne bila shida, lakini uchujwe kweli: karafuu iliyobaki ndani inaendelea kufanya kazi mpaka chupa nzima inakufa ganzi. Halafu chupa hiyo ioshwe vizuri, kwa sababu chai ya asubuhi itakuwa na mashaka.

Uliobaki uwekwe kwenye friji, kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, na upashwe mara moja tu. Mara ya pili hauna maana.

Kwa wasiokunywa, na rozela ikikataa

Rozela kavu inapatikana sokoni, ni nyekundu, ni chachu, na inabeba viungo hivihivi bila malalamiko. Viganja viwili kwa lita moja ya maji, karafuu, mdalasini, tangawizi, vyote pamoja, dakika kumi. Hii unaruhusiwa kuichemsha.

Ikiwa kali mno, umeiacha ikae na maua yake. Chuja mapema, ongeza maji ya moto. Ikiwa nyeusi, ni sufuria, rudi kwenye kipengele cha ladha ya chuma. Ikiwa haina mwili, inapita kama maji, tia ukwaju kidogo au juisi ya zabibu. Asali inaingia mwisho, ileile, isipokuwa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, ambaye hapewi asali ya aina yoyote, iwe ya moto au ya baridi.

Mgeni Mwislamu akiwepo, na Tabora yupo karibu kila sebule, rozela ipikwe kwenye sufuria yake, ichujwe kwa kichujio chake na ikae kwenye chupa yake ya chai. Ifunge utepe shingoni, maana saa nne usiku chupa mbili nyekundu zinafanana, na anayemimina huwa ndiye aliyeonja zaidi.